Sili ya Tatu ya Pampu ya Tope

Alhamisi, mwezi wa tisa, 2008. Kitengela.

Upepo umevuma tangu alfajiri na haujachoka. Mimi nimechoka. Niko saiba, kwenye kompyuta ya karibu na dirisha, ile ambayo nusu ya herufi zake zimefutika, na kila ninapogusa meza naacha alama nyeupe za vidole. Ni unga wa mawe. Nilinawa mara tatu kabla ya kutoka kazini, lakini bado umejificha kwenye kucha na kwenye nyusi. Binti yangu Ndanu yuko kwa jirani anafanya hesabu zake za darasa la sita, kwa hivyo niko na kama saa moja kabla ya kwenda kuwasha jiko.

Leo sikuja kulalamika juu ya maji ya mfereji wala vumbi la barabara. Nimekuja kuungama, na kwa kuwa kanisani kwetu hakuna kile kibanda cha kuungamia, nimekuja hapa.

Kesho saa nne asubuhi kuna mtu atakayefutwa kazi kwa kosa langu.

Nieleze taratibu, maana najua kuna mmoja wawili wanaopitia blogu hii wasiojua ninachofanya mchana kutwa. Mimi ni fundi wa pampu kwenye kiwanda cha kukata marumaru, upande wa Kajiado. Misumeno yetu ni mikubwa kuliko mlango wa nyumba, na isipomwagiwa maji wakati inakata, inaungua. Maji hayo huteremka pamoja na unga wa mawe hadi kwenye shimo nyuma ya kiwanda, tope jeupe, zito kama uji wa mgonjwa. Ndani ya tope hilo kuna pampu ya umeme iliyozamishwa. Inalinyonya na kulisukuma hadi kwenye mabwawa, mawe yanatulia chini, maji yanarudi kufanya kazi tena. Mwaka huu mvua imetunyima, ng'ombe wanapita kwenye ua wetu mbavu zikihesabika, kwa hivyo hatuwezi kumwaga hata ndoo. Pampu ikisimama, shimo linajaa, misumeno inazimwa, na kiwanda kizima tunabaki kutazamana.

Pampu inazungushwa na mota, na mota haipatani na maji hata kidogo. Kinachoitenga na tope ni kitu kidogo kinachoitwa sili. Ni pete mbili ngumu zilizosuguliwa hadi zikang'aa. Moja inazunguka na shafti, ule mhimili wa mota, nyingine imetulia kwenye kiti chake, na springi inazibana zigusane uso kwa uso, hata unywele usipite. Juu ya sili kuna chumba kidogo cha oili, na juu ya oili ndipo mota ilipo. Tope likipita kwenye zile pete linaingia kwenye oili, na likipita kwenye oili linaingia kwenye mota. Likifika hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Tangu Pasaka tumepoteza sili tatu.

Anayeangalia shimo anaitwa Koinet. Ni mzee wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mbishi, mwenye neno kwa kila jambo. Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka juzi, nilipomwendea nimebeba sanduku la spana, aliniuliza nimemletea nani chakula. Wanaume wote walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu siku ya kwanza mtu hucheka tu. Lakini sikumsamehe. Miaka miwili nimekuwa nikimtafutia sababu, na sikujua kama namtafutia sababu. Nilidhani niko makini na kazi.

Kosa la kwanza lilikuwa lake kweli, sitamwongezea wala kumpunguzia. Pampu yetu ina boya linaloelea juu ya tope. Tope likishuka, boya linashuka nalo na kuzima pampu, isije ikabaki inazunguka kwenye hewa. Zile pete za sili hupozwa na maji, zikizunguka bila maji zinaungua na kupasuka. Kila mwangalizi wa shimo huambiwa hivyo kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi. Sasa, wiki ya Pasaka, Koinet alikuwa na harusi ya mpwa wake huko Bisil. Alitaka shimo liwe kavu kabisa kabla hajaondoka, na lile boya lilikuwa linamzimia pampu kila mara. Akachana kipande cha shuka lake jekundu kuukuu na kulifunga boya juu kwenye bomba, lisishuke. Mimi ndiye niliyekiona kile kitambaa chekundu. Nilikifungua kwa mikono yangu na kukipeleka ofisini kikining'inia, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

Siku tatu baadaye sili ikafa.

Niliandika ripoti bila kuitazama ile sili vizuri. Ya nini? Nilikuwa na kitambaa. Nikaandika: "Pampu imeendeshwa bila maji. Uzembe wa mwangalizi." Nikatia sahihi. Na nikiwa hapa peke yangu na kompyuta hii, nikiri tu kwamba nilisikia utamu.

Koinet alionywa asubuhi, watu wote wakiwa wamepangwa mstari kabla ya misumeno kuwashwa. Alikubali kosa, akaapa hatarudia. Mwezi wa sita sili ya pili ikafa. Alisema hakugusa boya. Mimi niliandika tena kwamba amegusa, maana mwizi wa jana ndiye mwizi wa leo. Injinia Wafula, mkubwa wetu, aliniamini mimi. Ni mtu wa haki, lakini ana mambo mengi, na mimi nilikuwa na sifa ya kufanya kazi safi. Koinet akaonywa tena kwa barua, tena mbele ya mstari.

Jumatatu hii ikafa ya tatu. Injinia hakupiga kelele. Alisema tu Ijumaa saa nne kutakuwa na mkutano mbele ya mstari wote, Koinet ataondoka, na akaniomba niandike ripoti yenye ushahidi, kwa sababu safari hii mzee anaweza kwenda kushtaki. Halafu akaniambia, nikiwa tayari mlangoni, kwamba kandarasi yangu inayokwisha mwezi huu wataigeuza iwe kazi ya kudumu. Nilitoka pale nikijiona mtu.

Basi leo asubuhi nimefungua pampu mezani kutafuta ushahidi. Nilichokuwa natafuta ni hatia ya Koinet, nisiseme vingine. Ripoti nilikuwa nimeshaianza, na niliazima hata kamera ya ofisi.

Oili ilitoka nyeupe, imechanganyika na unga wa mawe, kama nilivyotarajia. Nikachomoa sili, nikaiosha, nikaipeleka dirishani. Sili iliyoungua kwa kukosa maji naijua. Nimeiona mara nyingi nilipokuwa Athi River kabla ya kuja hapa. Uso wa pete huwa na nyufa nyembamba, pembeni huwa mweusi, na mpira wake hukauka ukawa mgumu kama ganda.

Hii haikuwa na ufa hata mmoja. Mpira ulikuwa laini kama siku nilipoutoa kwenye pakiti.

Niliigeuza na kuigeuza. Nikawasha tochi mchana kweupe. Halafu nikaangalia ndani ya pampu na kuona kwamba ile pete ya kutulia haikuwa kwenye kiti chake. Ilikuwa imesukumwa ikatoka, imekaa upande, na tope limepita hapo. Na ilisukumwa kuelekea nje, upande wa tope. Tope lingeisukuma kuelekea ndani. Kwa hivyo kilichoisukuma kilikuwa ndani, na ndani hakuna kitu kingine isipokuwa oili, na anayetia oili ni mimi.

Nilisimama pale muda mrefu. Nilijaribu kufikiria kitu kingine chochote.

Halafu nikaenda ofisini kuchukua kijitabu cha pampu. Nilikuwa nimepanga kukichukua kwa vyovyote, ninakili ile sentensi inayokataza kuendesha pampu bila maji, niibandike kwenye ripoti ionekane ya kitaalamu. Kiko kwenye droo ya chini, na sikumbuki kama nimewahi kukifungua zaidi ya kutafuta namba za vipuri. Ile sentensi ipo. Na ukurasa unaofuata kuna mchoro. Pampu imelazwa ubavu, tundu la kutilia oili liko juu, oili imechorwa kwa mistari, na juu ya oili wameacha pengo. Chini yake wameandika kwamba chumba kisijazwe chote, kwa sababu oili ikipata joto huvimba, na ikikosa pa kwenda itaisukuma sili.

Mimi huijaza mpaka pomoni.

Tena si kwa bahati mbaya. Naijaza kwa juhudi. Huilaza pampu, naweka kipande cha ubao chini ya kichwa chake ili lile tundu liwe juu kabisa, natia oili, naitikisa pampu hewa itoke, naongeza, nasubiri, naongeza tena mpaka oili imwagike pembeni, ndipo nafunga. Inanichukua karibu saa nzima. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba fundi mwingine angemimina na kufunga, lakini mimi siachi hata tone la hewa.

Nimejiuliza nilitoa wapi hayo. Hakuna aliyenifundisha. Nilianzia gereji ya magari, pampu nikajifunza kwa macho. Nadhani nilitoa nyumbani. Kwetu Makueni mama alikuwa akimimina chai hadi imwagike kwenye kisahani, na mgeni anainama kuinywa kikombe kikiwa mezani kwa sababu hakiinuliki. Kikombe kisichojaa ni kumtukana mtu. Mama akiona tumemmiminia mgeni nusu, anauliza kama nyumba hii imeingiwa na njaa. Nimekua nikijua kwamba anayeacha nafasi kwenye chombo ana mkono wa birika. Kwa hivyo niliikaribisha pampu ya watu kama mgeni, nikaishindilia oili, ikapata joto, ikapasua mlango wake.

Ningecheka kama mtu hangefukuzwa.

Nina kopo la biskuti chini ya meza ambamo huweka vitu vibovu. Nilijua zile sili mbili za kwanza zimo. Sikutaka kulifungua. Nilizunguka, nikafagia, nikapanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa. Saa sita kasoro nikalifungua. Ya mwezi wa sita haina alama ya moto. Ya Pasaka nayo haina. Hata ile ya kitambaa chekundu, ambayo nilikuwa tayari kuapa kwa Biblia, haikuungua. Alilifunga boya kweli, lakini pampu haikukaa bila maji kiasi cha kuiua. Ndiyo sili ya kwanza niliyoifunga mwenyewe kwenye pampu hii, na niliyeiua ni mimi, kabla hata haijashushwa shimoni.

Nyani haoni kundule. Nilipokuwa msichana nilikuwa nadhani methali hiyo ni ya watu wajinga.

Sasa nije kwenye jambo ninaloona aibu zaidi. Kwa muda wa kama nusu saa nilikaa kwenye kreti nikawaza kunyamaza. Si kuwaza tu, nilipanga. Nifunge sili mpya, safari hii niache pengo kama mchoro unavyosema, nirudishe pampu shimoni Ijumaa mchana. Itafanya kazi mwaka mzima bila tatizo. Na kila mtu atasema, mmeona? Koinet ameondoka na pampu imepona. Kupona kwa pampu kungekuwa ndiyo ushahidi wangu. Hakuna ambaye angewahi kujua, na mimi ningekuwa fundi wa kudumu mwenye kazi safi. Nilipoona jinsi mpango ulivyonyooka niliogopa. Sikujua niko na akili ya namna hiyo.

Kilichoniinua kwenye ile kreti, sijui. Sitajisifu. Pengine ni njaa tu.

Nilitoka nikaenda shimoni. Ilikuwa saa ya chakula, watu wote wako kivulini karibu na lango, wanakula na kutaniana. Koinet alikuwa shimoni peke yake, ameketi juu ya bomba kuukuu, kopo lake la chakula magotini, macho kwenye ile pampu ndogo tuliyoiazima. Nimemwona ameketi hapo kila mchana kwa miezi. Nilikuwa nikisema ni kiburi, hataki kula na watu. Kuna siku nilimwambia Injinia kwamba mzee anakwenda kule kulala.

"Takwenya," alinisalimu kwa Kimaasai, kama anavyonisalimu kila siku, barua au hakuna barua.

"Iko," nikaitikia.

Nilimweleza. Nilikuwa na ile pete mkononi, nikamwonyesha ilivyosukumwa. Nilimwambia ni oili, nilijaza sana, si boya. Niliongea haraka haraka kama mtoto anayetoa habari ya kikombe kilichovunjika. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimjue.

"Kwa hivyo si mimi?" akauliza.

"Si wewe, mzee."

"Hii ya sasa."

"Hii ya sasa na ile ya mwezi wa sita."

Akachukua kijiwe akakitupa kwenye tope. "Na ile ya kwanza? Ile nilifunga na kitambaa?"

Hapo ndipo ningeweza kujibakizia kitu. Hakuona kopo la biskuti. Ningesema ile ya kwanza ni yako, tukagawana.

"Hata hiyo si wewe."

Sikuwa nimejiandaa kwa kilichofuata. Nilidhani atafoka, na ningefurahi akifoka. Koinet aliweka kopo chini, akafuta uso kwa kiganja, na akaanza kucheka, kicheko kibovu kisicho na furaha. "Mimi nimekula chakula baridi hapa tangu Pasaka," akasema. "Kila siku. Nilisema hii kitu imekufa na mkono yangu, lazima niichunge na macho. Hata choo naenda mbio. Hata bibi yangu aliniuliza, kwani huko kazini uko na mtoto mgonjwa?"

Kumbe alikuwa ananiamini. Miezi yote hiyo nilipomwita mwongo, yeye mwenyewe alikuwa amenisadiki kuliko Injinia. Hakujua alivyoweza kuiua ile ya pili wakati hakugusa boya, lakini fundi amesema, na fundi ndiye anayejua. Akaacha kivuli, akaacha watu, akaja kukaa juani kulinda kitu ambacho nilikuwa nimeshakiharibu mimi juu ya meza.

Nilimwambia pole. Neno lenyewe lilikuwa dogo mno.

Alinitazama na kuuliza, "Umeambia Injinia?"

"Bado."

"Basi hata mimi hujaniambia." Akachukua kopo lake tena. "Hayo mambo yangu yalisemwa mbele ya mstari, Mama Ndanu. Watoto wa juzi walisikia. Wewe unakuja kuniambia hapa kwa shimo, mimi na wewe na matope. Hiyo ni nini?"

Alianza kula, nami nikaondoka.

Nilikwenda moja kwa moja hadi ofisini kabla ujasiri haujapoa. Injinia alikuwa ametoka kwenda Nairobi kuonana na mwenye kiwanda, atarudi kesho kwa mkutano. Nimempigia mara mbili, simu imezimwa. Nikaanza kumwandikia ujumbe, nikaufuta. Nilijiambia kwamba jambo kama hili halisemwi kwa ujumbe wa simu. Ni kweli halisemwi hivyo. Lakini pia nilihisi nafuu alipokosekana, na nafuu hiyo ndiyo iliyonileta hapa saiba kabla ya nyumbani.

Mchana uliobaki nimeufanyia kazi ile pampu. Sikujua nifanye nini kingine na mikono. Nimeosha kila kitu kwa maji safi. Nimezishika pete mpya kwa karatasi, sikuzigusa uso kwa vidole, maana hata jasho la kidole linatosha kuziharibu. Nimezisukuma kwa mkono pole pole, sikugonga kwa nyundo. Nimeilaza pampu ubavu bila ubao, nimetia oili hadi pale mchoro unaposema, na nikaacha pengo. Mkono wangu ulitaka kuongeza. Walahi, niliushika kwa mkono mwingine. Nimeandika kwenye ukuta kwa chaki kwamba baada ya wiki moja pampu itolewe, oili ikaguliwe, na ikiwa imeanza kuwa nyeupe tusingoje mota ife ndipo tutafute mchawi. Hilo lilitakiwa kufanyika tangu mwanzo. Lingefanyika, sili ya kwanza ingetueleza kila kitu mwezi wa tatu, na Koinet angekula kivulini na wenzake.

Sijaishusha shimoni. Ninataka aishushe yeye, kwa mnyororo, kama inavyotakiwa. Kama bado atakuwepo.

Najua yatakayosemwa kesho. Kuna wanaume pale ambao wamengoja miaka miwili nikosee. Watasema tulisema, mwanamke na pampu wapi na wapi. Hawatasema fundi amekosea, watasema mwanamke amekosea, na msichana atakayekuja baada yangu na sanduku lake la spana atajibu kosa langu kabla hajafungua hata nati. Hilo linaniuma kuliko kandarasi. Na kandarasi nayo inaniuma, nisijifanye mtakatifu. Ndanu anaipenda shule yake. Amezoea kusema mama yangu ni fundi, analisema kwa sauti kubwa mbele ya wenzake.

Nikifukuzwa, nitamwambia nini? Na nisipofukuzwa kwa sababu nimenyamaza, nitamwambia nini?

Nimejaribu kupanga maneno. Kila nikianza, naanza na mchoro, na joto, na oili inavyovimba, na jinsi kijitabu kilivyokuwa droo ya chini. Naona ninavyojificha nyuma ya ufundi. Wale watu hawahitaji somo la oili. Wanahitaji kusikia kwamba ripoti tatu zilikuwa za uongo, na ya tatu nilikuwa naiandika leo asubuhi kwa furaha. Ripoti hiyo nimeichana. Mbili za kwanza ziko kwenye faili yake zikiwa na sahihi yangu, na hizo siwezi kuzichana, na ni vizuri siwezi.

Dada wa saiba ananitazama, anataka kufunga mapema kwa sababu ya vumbi. Ndanu atakuwa amemaliza hesabu.

Nimechoka, na kesho haitanisubiri nipumzike. Mstari utapangwa, Koinet atasimama mwisho wake kama kawaida, mrefu kuliko wote, na wataniuliza fundi anasema nini. Nitaanza na jina lake, niseme hakufanya. Halafu langu.

Mungu wangu, nikishafungua mdomo, usiniache niufunge kabla sijafika kwenye ile sili ya kwanza.